Busta ya Mujibu

Kwanza tuelewane: mimi sikuwa mtu wa kunyamaza. Ukiuliza sokoni Newala, Fundi Adija ni nani, watakwambia ni yule mwanamke wa simu na redio, yule mwenye mdomo. Mteja akiniletea simu iliyoingia maji halafu ananiapia kwamba haijaona maji tangu izaliwe, nilikuwa nampa ukweli wake mpaka wauza nyanya wa upande wa pili wanacheka. Sauti niliyopewa ilikuwa kubwa na niliitumia yote. Sasa naandika, na ukifika mwisho utajua kwa nini.

Jioni ile nilifunga kibanda mapema nikaenda stendi kuchukua mzigo. Nilikuwa nimeagiza vioo vya simu, na Barnaba, kondakta wa Hiace ya Masasi, alikuwa amenipigia kusema kuna kitu changu. Jua lilikuwa linaingia, ukungu unapanda kutoka bonde la Ruvuma, na baridi ya huku kwetu unaijua, inakuingilia kwenye mikono ya gauni. Pale bombani watu wa ndoo walikuwa bado wanagombania zamu. Niliwapita haraka, maana wangeniona wangeniita niwaamulie.

Barnaba akanipa kifurushi kilichofungwa kwa karatasi ya mfuko wa salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho. Kilinuka salfa kweli kweli. Na msimu wa salfa ulikuwa umepita zamani.

"Vioo gani hivi?" nikamuuliza.

"Dada Adija, mi sijui vioo. Nimepewa mzigo, nimeleta mzigo."

"Umepewa na nani?"

Akakuna shingo. "Na ndugu yako, pale Masasi. Mujibu."

Nikamkodolea macho. Nikangoja acheke, nimpe la kumtosha. Hakucheka.

"Mi nimecheza naye mpira, dada. Namjua. Amekonda, lakini ndiye."

"Alisemaje?"

"Hakusema neno." Akasogea karibu, akanong'ona. "Nilimsalimia, akanitazama tu. Akanionyesha jina lako hapo kwenye karatasi, kwa kidole. Halafu akaelekea mashambani. Miguu ina udongo mpaka magotini... Nilidhani ana hasira na mimi."

"Wewe Barnaba, pombe hiyo ya uraka itakumaliza!"

"Nimeacha, dada," alisema. Na kweli, mdomo wake haukunuka kitu.

Niliondoka pale nimekibana kifurushi kwapani, bila hata kuuliza vioo vyangu. Nitakueleza kwa nini.

Mujibu ni mdogo wangu. Tuko watatu: mimi, yeye, na kitinda mimba wetu Rahima aliyeolewa Chiwata, kule karibu na Masasi. Mwaka juzi, korosho zilipoisha, Mujibu alivuka Ruvuma kwenda Msumbiji kuchimba mawe ya thamani. Simu yake ikalia wiki za mwanzo, kisha ikazima. Wenzake waliorudi walisema shimo lilimfukia. Mwili hawakuuleta, hata shati hawakuleta. Watu wakaja kutaka kuweka matanga, mama akawafukuza barazani. "Sijamgusa, siwezi kumzika," alisema, na likawa hilo hilo.

Mama yangu haoni. Macho yake yalizimika polepole miaka mingi iliyopita, na dunia yake ikabaki kwenye masikio. Mimi ananijua kwa sauti. Ningeweza kuwa bado kwa jirani nabishana, yeye ndani anaanza kutabasamu, anasema Adija anakuja. Rafiki yake mkubwa ni redio. Sasa mwanamke mmoja muuza vitenge alitoka ng'ambo akasema amesikia kwenye stesheni ndogo ya huko, kipindi cha salamu cha jioni, kijana anayejiita Mujibu wa Newala akimsalimu mama yake. Basi! Tangu siku hiyo, kila magharibi mama anakaa na redio mapajani, anatafuta. Shhhhh... Stesheni kubwa zinaimeza ile ndogo, hakuna kinachosikika.

"Wewe ni fundi wa watu wote isipokuwa wa mama yako," alikuwa ananiambia. Maneno hayo yaliniuma. Hakuwa anataka kingine chochote duniani. Alitaka kumsikia mwanawe mara moja, afe. Na mimi nilitaka kumpa hicho kuliko nilivyotaka kitu chochote.

Nilipofika nyumbani nikafungua kifurushi kwenye mkeka. Vioo hamna. Kulikuwa na bodi ndogo ya kijani yenye matundu, rezista, kapasita, transista, pete nyeusi ya kusokotea koili, na waya mwembamba wa shaba. Nilielewa palepale. Ilikuwa busta, ya kuongezea nguvu mawimbi ya redio kabla hayajaingia kwenye redio yenyewe. Lakini si ile unayonunua imefungwa tayari. Hii ilikuja vipande vipande, uunganishe mwenyewe. Na ilikuwa ya mawimbi yote. Busta ya namna hii haina kuchagua. Chochote kinachopita hewani, kiwe kidogo namna gani, inakinyanyua na kukuletea.

Nikamwambia mama imetoka kwa nani.

Alicheka huku analia. "Mwanangu kaniletea masikio," alisema, akaipapasa bodi ile. Mimi nilikuwa nimejaa hasira. Huyu yuko Masasi, safari ya Hiace moja tu, anashindwa kuja kumwamkia mama yake? Nilimpenda mdogo wangu na nilitaka kumzaba makofi.

Kisha mama akaacha kucheka.

"Umesema hakumwambia neno Barnaba?"

"Neno hata moja."

"Na alikuwa na udongo?"

"Mama, watu wote wana udongo."

Aliiweka bodi chini. Nilijua anawaza nini, maana kwetu kila mtoto amelelewa na hadithi hiyo. Lindandosha. Mtu anafariki, mnalia, mnazika, kumbe mliyemzika ni mgomba. Mwenyewe kachukuliwa, kakatwa ulimi asiseme, analimishwa mikorosho ya mtu gizani. Wengine wanasema msukule. Ndiyo maana tulifundishwa: ukisikia sauti inakuita kwa jina na mwenye sauti humuoni, usiitike. Hata ikiwa ya nani. Kaza meno, pita.

"Ni maneno ya wazee, mama," nilisema.

"Mimi ni mzee," akajibu.

Lakini hakunikataza. Angenikataza vipi? Alikuwa amengoja sauti ile mpaka redio imechubuka mahali anapoishika.

Kesho yake sikufungua kibanda. Nilikaa barazani na pasi ya kuchomelea, risasi ya kulehemia na koleo, nikaanza. Mama akaomba kazi. Nikampa pete na waya asokote koili, kwa sababu vidole vyake vimesuka ukili maisha yake yote na vinajua kukaza bila kukata. Alisokota vizuri kuliko mimi, mzunguko kwa mzunguko, midomo inahesabu taratibu. Mara moja tu alisimama.

"Pete hii mbona baridi hivi?"

"Ni chuma, mama."

"Jua lote hili?"

Nikaigusa. Ilikuwa baridi kweli. Na ncha za waya zilikuwa zimeshamenywa tayari, si kwa kisu. Niliona alama ndogo ndogo mfululizo, kama za meno... Nikajiambia ni koleo la zamani limefanya. Fundi ana haraka yake, akishaanza hataki kusimamishwa.

Kitu kimoja tu sikukijua. Chini kabisa ya karatasi kulikuwa na kipande cha ngozi kavu, cheusi, chembamba, kimejikunja pembeni. Nikakiona kinatosha kabisa chini ya transista, isigusane na bati la kopo nitakaloiwekea. Nani angetia ngozi kwenye vifaa vya redio kama si kwa kazi hiyo? Nikakibana pale kwa skrubu. Nikaingiza bodi yote kwenye kopo la majani ya chai, nikatoboa tundu la antena na tundu la kutokea, nikavuta waya mrefu mpaka kwenye mkorosho wa uani. Harufu ya salfa ilikuwa imenishika kwenye vidole. Niliosha kwa sabuni, haikutoka.

Nilimaliza jua linazama. Adhana ya magharibi ikasikika mbali, kwa upepo. Mama akachukua kopo lake la maji, nusu tu, maana Newala hakuna anayemwaga maji, akaenda uani kutawadha.

"Usiwashe mpaka nirudi!"

"Naijaribu tu, mama, isije ikakuaibisha."

Nikabana betri, taa ndogo ya busta ikawaka. Nikawasha redio.

Shhhhhhh...

Halafu, jamani! Dunia nzima ikaingia ndani ya chumba chetu. Kireno. Ngoma. Mahubiri. Kimakua cha ng'ambo, kinasikika kama mtu yuko jikoni. Matangazo ya mpira wa nchi nisiyoijua. Nilipiga kelele ya furaha peke yangu. Nilizungusha polepole kutafuta ile stesheni ndogo, nawaza uso wa mama akisikia.

Ndipo mluzi ukaanza.

Mwembamba. Unapanda.

Kila fundi anaujua mluzi ule. Busta ikipiga mluzi, ujue imeanza kujisikia yenyewe. Na ikishajisikia haipokei tu, inarusha. Unakaa hapo unajiona msikilizaji, kumbe nyumba yako imekuwa kituo. Niliona nimeweka waya wa kuingilia karibu mno na wa kutokea. Kosa la haraka. Nikanyoosha mkono niitoe betri.

Mluzi ukakatika.

Kimya. Hata shhh haikuwepo.

Halafu pumzi. Pumzi ya mtu aliyechoka, aliyetoka kulima. Hhh... hhh... Harufu ya salfa ikajaa chumba, nikaanza kukohoa.

Na sauti ikasema, taratibu, kwa adabu zote:

"Shikamoo dada."

Ilikuwa yake. Ile ya kukwaruza kidogo, ile aliyonisalimia nayo kila asubuhi tangu alipojua kusema. Sasa nisikilize vizuri. Kuitwa tulifundishwa. Angeniita "Adija", wallahi ningekaza meno, ningekimbia. Lakini hakuniita. Alinisalimia. Na ni nani, katika nchi hii, aliyefundishwa kuiacha shikamoo ya mdogo wake ianguke chini? Hilo huliwazi. Mdomo unajibu kabla yako.

"Marahaba," nilisema.

Ndilo neno la mwisho nililosema.

Lilitoka, na kila kitu kikatoka nalo. Nilisikia ladha ya risasi mdomoni, kisha baridi, ile ile baridi ya pete, ikaanzia ncha ya ulimi ikarudi mpaka kooni. Nikataka kusema Mujibu. Hamna. Nikataka kupiga ukelele. Pumzi ilitoka, tupu. Ulimi ulikuwepo, niliugusa kwa meno, lakini ulilala tu pale.

Uani mama akaita. "Adija! Nimesikia kama mtu?"

Na redio ikajibu.

"Abee mama."

Sauti yangu! Ile ile kubwa, ya sokoni.

"Busta imekubali, mama. Njoo. Mujibu yuko hapa."

Yarabi. Nikairukia betri, nikaing'oa. Taa ndogo ya busta ikazima. Sauti haikuzima. "Njoo mama, njoo." Nikang'oa waya wa antena, nikachukua koleo nikapasua kifuniko cha kopo, nikitaka kuvunja bodi yote. Ndani, chini ya transista, kile kipande cha ngozi hakikuwa kikavu tena.

Kilikuwa chekundu. Kimelowa. Ncha yake ilikuwa inapanda na kushuka kwa kila neno lililosemwa redioni.

Nilijua ni ulimi. Na nilijua wa nani.

Nadhani ningeweza kukichomoa pale pale. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kinauma. Lakini kilikuwa cha mdogo wangu, mkono ukasita, na mama akawa ameshaingia mlangoni, maji yanamdondoka mikononi, uso wake umekunjuka kwa furaha. Sijawahi kumuona hivyo tangu macho yake yazime.

"Yuko wapi? Aseme tena!"

Nikamwendea, nikamshika mkono kumtoa nje. Akashtuka.

"Nani wewe?"

Na sauti yangu, kutoka redioni, ikanong'ona. "Mama... kuna mtu humo ndani pamoja nawe."

Mama akarudi nyuma mpaka ukutani. Nikamfuata. Niliuchukua mkono wake nikauweka kwenye kidole changu, penye kovu la pasi, kovu analolijua, aliloliuguza mwenyewe kwa mate na asali. Alilipapasa. Akalipapasa tena. Uso ukalegea.

"Huu mkono wa Adija."

Nikatikisa kichwa ndiyo, kama mpumbavu, mbele ya mtu asiyeona.

"Mkono ni wangu, mama," ilisema sauti yangu. Ilikuwa inalia. Mimi silii hivyo, lakini ilikuwa inalia kwa sauti yangu. "Mwili ni wangu. Wameuchukua sasa hivi, hapo hapo nilipokaa. Mimi wamenileta huku kwa Mujibu. Huyo aliyebaki hapo ni gamba tu, mama. Mwambie aseme. Mwambie aseme hata neno moja."

Mama akanishika mabega. Akanivuta karibu.

"Sema," aliniambia. "Sema mama. Neno moja tu, mwanangu. Hata unitukane."

Sijui utafanyaje ukiambiwa hivyo na mama yako. Mimi nilifungua mdomo nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Hhh... hhh... Ikatoka ile pumzi. Pumzi ya Mujibu, ya mtu aliyetoka kulima. Nikachanganyikiwa. Nikafanya jambo nililoona ndilo lililobaki: nikachukua vidole vya mama nikaviingiza mdomoni mwangu, aguse, ajue nina ulimi, ajue sikukatwa, ajue ni ugonjwa tu umenipata.

Aligusa. Alikaa akiugusa kwa muda. Kisha akachomoa vidole akavifuta kwenye kanga yake kwa nguvu.

"Umekufa," alinong'ona. "Huu ulimi umekufa."

Alinisukuma. Mwanamke mzee, kilo ngapi yule, alinisukuma nikaanguka juu ya mkeka. Akaenda moja kwa moja mpaka penye redio, bila kupapasa, akaikumbatia.

"Wanangu," alisema. "Nifanyeje niwarudishe?"

"Tuitikie tu, mama," ilisema sauti yangu.

"Tuitikie," ilisema sauti ya Mujibu.

Nikainuka. Nikamziba mdomo kwa kiganja. Aliniuma. Aliniuma mpaka damu ikatoka, kwa yale meno yake machache, na nikamwachia, Mungu anisamehe. Redio ikasema, sauti mbili kwa pamoja, mimi na mdogo wangu, kama tulivyokuwa tukimwamkia tukiwa wadogo kabla ya kwenda shule:

"Shikamoo mama."

Alisita. Nataka ujue alisita. Aligeuza uso kidogo upande niliokuwepo, na nadhani kwa kitambo kile alijua kabisa nani ni nani. Lakini huko kulikuwa na sauti za watoto wawili, na huku kulikuwa na pumzi tu.

"Marahaba, wanangu," alisema mama. "Marahaba."

Majirani walikuja kwa sababu ya kishindo. Walimkuta mama amekaa, mimi nimejikunja miguuni pake, wote wawili vinywa wazi. Hospitalini daktari alisema kwa mama inaweza kuwa kiharusi, na kwangu ni mshtuko wa kumuona mama vile, sauti itarudi taratibu. Mtu mwema, aliongea nami kwa upole. Nilimwandikia yote kwenye karatasi. Alisoma, akanipa vidonge vya usingizi.

Ile busta niliitwanga kwenye kinu. Kile kipande sikukiona tena, ndani ya kopo palibaki alama nyevunyevu tu. Vilivyosagika nilivitupa kule Shimo la Mungu, lile bonde la kina pembeni mwa mji, ukungu ukavimeza. Nikalala. Nilipoamka asubuhi miguu yangu ilikuwa na udongo mpaka magotini, mwekundu, wa mashamba ya chini. Kwenye nywele nilikuwa na majani ya mkorosho. Vidole vilinuka salfa.

Siku hiyo hiyo Rahima akanitumia ujumbe kutoka Chiwata. Dada, mzigo nimeupata, asante. Kumbe ni vyuma vyuma tu? Barnaba anasema ulimpa alfajiri kwa mkono wako na ukakataa hata kumsalimia, mmegombana?

Nikamwandikia hapo hapo. Usiunganishe. Choma moto. Ukisikia shikamoo usiitikie, hata ikiwa ya nani.

Akajibu kwa vicheko. Dada acha utani wako. Si umenipigia jana magharibi, tukaongea mpaka salio likakuishia, ukaniambia nimtafute fundi wa kuiunganisha? Mbona ulikuwa mzima, unanitania? Na mama nimemsikia hapo nyuma. Nimefurahi kweli amepata nguvu.

Nimemwandikia tena na tena. Anaamini sauti. Nani haamini sauti ya dada yake? Hiace ya kwenda Masasi ningeipanda leo, lakini kwanza ningemwacha mama na nani, na pili, sijui miguu hii ikifika Chiwata itakuwa imetumwa na nani.

Mama hali kitu.

Hasemi, haoni, lakini anasikia. Kila jioni ananyoosha mikono, na nisipompa redio yake anajigonga kichwa ukutani, basi nampa. Redio ile haina busta. Haina antena. Betri nimezitoa mwenyewe. Adhana ya magharibi ikiisha tu, inaanza.

Nyumba hii haijawahi kuwa na maongezi mengi hivi. Mujibu anasimulia ya Msumbiji, anacheka. Mimi nabishana naye. Sauti ya mama, ile ya zamani kabla hajaugua, inauliza, "Adija, umekula mwanangu?" na sauti yangu inasema, "Nimekula mama, tunakungoja wewe." Mama wa huku, huyu mwenye mifupa, anasikiliza yote hayo na anatabasamu.

Mimi napiga magoti mbele yake na bakuli la uji. Namgusa mdomo kwa kijiko. Jana alikuwa karibu kuufungua. Njaa ilikuwa imemzidi, midomo ikaachana kidogo, nikaona ncha ya ulimi wake pale ndani, imelala.

"Mama," ilisema sauti yangu redioni, kwa upole ambao mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kuwa nao. "Usile cha mkono huo."

Akafunga mdomo.

Leo pia ameufunga. Uji umepoa, naupasha, unapoa tena. Yeye ameshika redio na mimi nimeshika kijiko.